Boksi Halijui Chumvi ya Lamu

Hotuba hii niliitoa uani mwa Ngome ya Lamu baada ya swala ya alasiri. Jamaa wa Faza, Pate na Mombasa ambao hawakuweza kufika waliomba niiandike, nami nimeiandika kama nilivyoisema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, shangazi zangu mliokaa mbele, dada zangu, na nyinyi vijana wa kiume mliojibanza kule nyuma penye kivuli: karibuni. Najua wengine mmekuja kwa sababu mlisikia kuna kahawa na halua. Kahawa ipo. Halua wameimaliza waliopanga viti.

Mnanijua, mimi ni fundi simu. Wengi wenu simu zenu zimepita mikononi mwangu, na kina mama wengine mmezileta kwangu kwa kuwa hamtaki simu yenye picha za ndani ya nyumba zenu ishikwe na mwanamume msiyemjua. Basi nimefungua simu nyingi za mji huu. Na kila nikifungua naona mambo ambayo boksi halikuyasema. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Sikuja kuuza kitu. Wala msiniulize simu ipi ni nzuri, maana jibu langu ni moja: ile inayoweza kutengenezwa hapa hapa Lamu.

Kuna jambo linanishangaza. Mtu wa hapa akienda Matondoni kununua mashua, hanunui kwa jina lililochorwa ubavuni. Ataizunguka. Atainama. Atagonga ubao kwa kifundo cha kidole asikilize mlio. Atatazama kalafati inayoziba nafasi za mbao, atauliza mbao ni za mti gani na zimekaa muda gani, na bei yenyewe ataipinga hadi jua lizame. Mtu huyo huyo akiingia dukani kununua pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, anasoma karatasi, analipa, anatoka. Kwa nini? Nani alitufundisha kuiamini karatasi kuliko mikono yetu?

Tuanze na bahari, maana ndiyo inayotulisha, na mimi ndiyo inayoniletea wateja.

Kijana mmoja wa Shela alinijia asubuhi, hata sijafungua mlango vizuri. Simu mpya, ya bei, imezima tu. Jana yake jioni alikuwa gatini na wenzake wanarukia maji, na yeye akaruka na simu mkononi huku akijirekodi. Nikamuuliza, mwanangu, simu na bahari wapi na wapi? Akatoa boksi mkobani. Wallahi alikuja na boksi! "Tazama, bi, imeandikwa haiingii maji." Akanieleza kwamba ilipotoka majini ilikuwa nzima, akatuma video, watu wakacheka, usiku akaitia chaji akalala. Kuamka, hakuna kitu.

Nikaifungua mbele yake chini ya lenzi. Pini za tundu la chaji zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Ndani, kwenye bodi, njia ya shaba nyembamba kuliko unywele ilikuwa imelika mpaka imekatika. Usiku mmoja! Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji matamu, na umeme ukipita kwenye chumvi iliyokalia shaba, shaba huliwa. Kwa hiyo bahari haikuiua simu ile gatini. Ilimalizwa na chaja, kitandani.

Sasa yale maandishi ya boksi yanasema nini hasa? Mtaona herufi I na P, halafu namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, na mwisho wake ni 6. Namba ya pili ni ya maji. Ikiwa 7, maana yake simu ilizamishwa mita 1 kwa dakika 30 ikatoka salama. Ikiwa 8, ni zaidi ya hapo, kwa kiasi atakachokitaja mwenye kiwanda. Lakini ulizeni: ilizamishwa maji gani? Maji matamu. Yametulia au yana mawimbi? Yametulia. Simu ipi? Mpya, ambayo haijaanguka hata mara moja kwenye ngazi za mawe za nyumba zetu, wala haijafunguliwa na fundi, gundi yake ya kuzuia maji ikiwa bado changa. Hakuna aliyeijaribu kwenye mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara. Boksi halijui chumvi ya Lamu. Narudia: boksi halijui chumvi ya Lamu.

Mnadhani ni maneno ya fundi wa uchochoroni? Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung ya nchi hiyo dola milioni 14 za Australia. Kosa lao lilikuwa matangazo. Kati ya 2016 na 2018 walionyesha simu za Galaxy zikitumiwa kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini. Kampuni yenyewe ikakiri kwamba simu ikizama katika maji hayo, kisha ikachajiwa ingali na unyevu, tundu la chaji laweza kulika na likaacha kufanya kazi. Yaani kesi ya yule kijana wa Shela, neno kwa neno, tofauti ni kwamba huku hakuna aliyetozwa hata senti. Italia nayo mwaka 2020 iliipiga Apple faini ya yuro milioni 10 kwa kujisifu kwa namna hiyo hiyo.

Na mchele? Naona mnacheka, maana mnajua naja huko. Kila nyumba ya mji huu ina mtu aliyewahi kuzika simu kwenye debe la mchele. Mchele hauvuti chumvi. Maji yatakauka yenyewe, chumvi itabaki palepale ilipo. Apple mapema mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wazi wasitie simu kwenye mchele, kwa kuwa vipande vidogo vyaweza kuingia ndani na kuiharibu. Mchele upikeni pilau. Simu ikiangukia baharini, izime. Usiichaji, usiichaji, usiichaji. Kama ni ya aina inayostahimili maji, isuuze kwa maji matamu uitoe chumvi, yaani maji ya bomba yanayotoka chini ya michanga ya Shela, si ya kisima chenye magadi. Kama si ya aina hiyo, ipanguse, toa laini, uilete kwa fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha bodi kwa spiriti. Ukiniletea baada ya wiki, utaniletea mazishi.

Sasa pawabenki. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe.

Hii mizani mnayoiona mezani ni ya jikoni, nimeiazima kwa mama muuza viungo. Nani ana pawabenki mkobani? Wewe dada, nipe hiyo. Inasema ngapi? Someni kwa sauti. Elfu hamsini! mAh 50,000, yaani kipimo cha umeme unaobebwa na betri. Haya, tuipime. Gramu 230. Asante dada, usihuzunike bado.

Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na waliozivumbua walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni kitu kikubwa sana, lakini si uchawi. Umeme huu una uzito. Ndani ya pawabenki nyingi mna betri za duara, nyembamba kuliko zile za tochi ya kizamani. Moja ina gramu kama 45 hadi 48, na ile nzuri kabisa hubeba mAh 3,500 hivi. Basi pigeni hesabu nami. Ili ufike 50,000 unahitaji betri zisizopungua 15. Hizo peke yake zimepita nusu kilo, bado hujahesabu ganda, bado hujahesabu saketi. Hii ya dada ni gramu 230 na ganda lake. Zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye karatasi!

Pawabenki ya kweli ya 10,000 ina gramu 200 hivi. Ya 20,000 ina gramu 350 hivi. Kariri namba hizo mbili tu. Muuza duka akikuona unaomba mizani, uso wake utakuambia mengi kabla mizani haijasema. Ila mizani nayo haimshiki kila mwongo. Niliwahi kufungua moja nikakuta betri mbili na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili iwe nzito mkononi. Mtu aliyefanya hivyo ana akili nyingi, angeingia kazi ya halali angekuwa tajiri.

Na hata ile ya kweli haitoi yote. Hiyo 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 ndani ya betri, lakini kwenye waya inatoka kwa volti 5, na njiani nyingine inapotea kwa joto. Kwa hiyo simu yenye betri ya 5,000 itaijaza mara tatu hivi, siyo nne. Kampuni zenye haya huandika namba ya pili, ndogo, kwa herufi za kutafutia miwani. Hiyo ndogo ndiyo ya kuisoma.

Jirani yangu mmoja alisafiri kwenda Umra na pawabenki kama hii. Kutoka uwanja wa ndege wa Manda hakuna aliyemuuliza. Uwanja mkubwa wakaisoma karatasi. Ndege za abiria huruhusu hadi wati-saa 100, hicho ni kipimo cha nguvu yote iliyomo ndani ya betri, na kwa idhini ya shirika hadi 160. Elfu hamsini mara volti 3.7, ukigawa kwa elfu, ni 185. Wakaichukua. Bibi wa watu akalia pale, na mimi aliponisimulia nilishindwa kumwambia kwamba ndani yake huenda hamkuwa hata na elfu kumi. Uongo wa karatasi, akauzwa nao, halafu akahukumiwa nao.

Wala msiwaone watu wa viwanja vya ndege kuwa wakorofi. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa ingali chini, uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Abiria walitoka wote hai, na wachunguzi wakaelekeza shaka kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye mizigo ya juu. Na jina kubwa nalo si kinga: Juni mwaka huo huo Anker, kampuni yenye sifa, iliziondoa sokoni pawabenki zaidi ya milioni moja huko Marekani kwa hofu ya moto. Tofauti ni kwamba yenye jina ina mtu wa kuirudisha. Hii ya dada tutairudisha kwa nani?

Nije kwenye harusi. Kina mama, hili ni letu.

Kulikuwa na harusi, sitasema mtaa. Siku zote za shughuli, hina, kupamba, kila kitu kilirekodiwa na binti mmoja hodari, wanawake watupu, hakuna mwanamume aliyeingia. Mama wa bibi harusi hakutaka picha zikae kwenye kompyuta ya mtu, na alikuwa na haki. Akanunua fleshi ya terabaiti 1, yaani gigabaiti elfu moja, kwa bei ya kilo chache za samaki. Binti akahamisha kazi yote mle, akafuta kwenye kamera kama alivyoagizwa. Wakafungua baada ya fungate. Majina ya video yote yapo. Ukigusa, hakuna kinachofunguka. Zilizobaki ni za siku ya mwanzo tu, wanawake wanakuna nazi.

Nini kilitokea? Ndani ya fleshi ile mlikuwa na nafasi ndogo tu, na kidude kinachoisimamia kimefundishwa kuiambia kompyuta kwamba ni terabaiti nzima. Ukijaza kile kidogo cha kweli, kinachofuata kinaandikwa hewani. Hakikatai. Hakilalamiki. Kinaorodhesha jina na kinakuachia furaha yako. Mama yule aliniuliza kama naweza kuzirudisha. Ningerudisha nini, ndugu zangu, na hazikupata kuandikwa?

Terabaiti ya kweli ni maelfu mengi ya shilingi. Ukiambiwa elfu moja na mia tano, toka dukani. Na hata uliyoinunua kwa bei kubwa, ijaribu kabla ya siku yenyewe: ijaze hadi juu kwa video zozote, itoe, irudishe, ufungue ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Kuna programu za bure za kazi hii, H2testw kwa wenye Windows na F3 kwa wenye Linux au Mac. Na usifute kwenye kamera mpaka uwe na nakala mbili sehemu mbili. Nyinyi vijana mnaorekodi harusi, hili liwe sharti kabla ya kupokea posho.

Mambo mengine nayapitia mbio, jua linashuka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilipata wateja wengi kuliko sikukuu. Kila mtu: "Fundi, simu yangu imekufa intaneti." Simu zilikuwa nzima. Kebo mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikawa inasuasua. Watu walikuwa tayari kunilipa nitengeneze kebo iliyo chini ya bahari ya watu! Na nasikitika kusema wapo mafundi waliopokea, wakasema simu inataka kufleshiwa, yaani kutiwa programu upya. Miezi michache kabla, Bahari ya Shamu, meli iitwayo Rubymar ilipigwa na Wahouthi wa Yemen, ikatupa nanga, ikaburutika nayo, na inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata kebo tatu. Nyinyi manahodha mnajua nanga inayoburuta inavyofanya. Basi mtandao ukipotea, muulize jirani kwanza. Wa kwake ukiwa umepotea pia, rudi nyumbani na pesa yako. Na mama unayeuza mahamri kwa WhatsApp, namba za wateja wako ziandike kwenye daftari.

Waya za chaji: tangu 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unalazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu moja, USB-C, ndiyo sababu hata iPhone ilihama mwaka 2023. Ni neema kwetu, nyumba nzima waya mmoja. Lakini tundu kufanana si waya kufanana. Zipo zinazochaji tu na hazipitishi picha wala faili. Jaribu zote mbili dukani, na simu yako mwenyewe, kabla ya kulipa.

Wenye saiba na kompyuta za Windows 10, Microsoft waliacha kuzitunza kwa kawaida 14 Oktoba 2025. Njooni pembeni tuzungumze, msimtupie mtu kompyuta nzima.

La mwisho ni betri ya simu. Simu ikianza kuzima ikiwa na asilimia 30, watu wanasema imezeeka, wananunua nyingine. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanazipunguza mwendo iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Watu wakapiga kelele, na kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Waliobadilisha wakaona simu zao zimerudi ujana. Simu haikuwa mzee, betri ndiyo iliyokuwa mzee! Ulaya wameandika sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya simu iwe ya kutolewa na mwenye simu kwa urahisi, ila zile zinazostahimili maji na zenye betri za kudumu sana zimepewa nafuu. Tutazipata na sisi, maana viwanda havitengenezi simu mbili kwa ajili ya Lamu. Mpaka hapo, uliza bei ya betri kabla ya kuuliza bei ya simu.

Na joto. Watengenezaji kama Apple wanasema nyuzi 35 ndiyo mpaka wa hewa inayozunguka simu. Simu iliyoachwa juu ya ubao wa boti kutoka Mokowe saa saba mchana iko wapi na nyuzi 35? Iweke kivulini, chini ya kanga, popote. Wala usiichaji chini ya mto unaoulalia.

Mizani itabaki mezani mpaka magharibi, leteni pawabenki zenu na msioneane haya. Maswali yaanze na shangazi zangu wa mbele. Ila wewe kijana uliyeniambia mlangoni kwamba simu yako imevimba mgongo ukaifunga mpira: usiibonyeze, usiitoboe, usikae nayo mfukoni hata dakika moja zaidi. Njoo unipe sasa hivi, shangazi atasubiri.